Nukta ya Khe

Kibao kilikuwa na nukta tatu:
moja juu ya khe, mbili chini ya ye.
Khayyat. Mshonaji.
Kioo kilichopindwa kwa moto, na gesi nyekundu ndani yake
ikikoroma kama paka
juu ya mlango wa baba, Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi.

Mwaka wa kimbunga nukta ya juu ikafa.
Baba hakuita fundi. "Wanaonijua wananijua."
Basi miaka kumi na mmoja duka likasomeka vingine,
na Wamalabari, na Wabulushi, na makarani wa benki
wakipita wakicheka: hayyat, hayat,
kumbe huyu anashona uhai?

Kwa ulimi wa mama, uliopikwa Wete,
hapakuwa na tofauti.
Husema habari, husema heri,
na te nzito na te nyepesi kwake ni watoto wa tumbo moja.
Kwake duka liliitwa Hayati
tangu nukta ingali hai,
na baba humkemea: "Wanizika, Thuraya,
nami sindano i mkononi!"

Sasa baba ni hayati kweli
na kibao kimenunuliwa.

Zeyana, binti wa juzi tu,
alikuja na gari la mizigo na mablanketi,
akakifunga kama mgonjwa, akakipeleka Ghala
(na kweli ni ghala, zamani waliweka mchele),
akapaka kuta nne rangi nyeusi,
akakitundika peke yake, usawa wa kifua,
nyaya nje, kama upindo uliofumuka.

Walibishana juu ya nukta.
Msimamizi wa maonyesho, mtu wa Manama, alitaka iwake:
neno litimie, watu wasiseme tumeshindwa na balbu.
Akaleta kitaa cha kisasa, kisicho na gesi.
Fundi Kunjumon akakishika, akakigeuza.
"Hiki hakina pumzi," akasema. "Kinang'aa tu."
Zeyana akasema: nukta ibaki gizani.

Ukutani wamebandika karatasi. Nimeisoma mara mbili.
Yasema kumbukumbu. Yasema kutokuwepo.
Haisemi vifungo.
Haisemi vile baba alivyotunga uzi
kibarazani, kwa wekundu huohuo,
ili asiwashe taa mbili.

Usiku wa ufunguzi nikamleta mama,
kanga chini ya abaya, kama desturi yake.
Watu walisimama gizani, nyuso nyekundu
kana kwamba wametoka kuchochea tanuri,
juisi ya komamanga mkono mmoja, simu mkono wa pili.
Mama akasoma kwa sauti: "Hayati."
Akangoja.
"Hayati nani? Mbona jina hawakumalizia?"
Waliojua Kiswahili wakatazama viatu vyao.

Akauliza saa.
Saa nne na robo, nikamwambia.

Baba alifunga saa nne kamili. Bili ya umeme
ilikuwa mgeni asiyeambiwa karibu.

Mama akaufuata waya kwa kidole,
hivyo anavyokagua mshono,
akapita mguu wa msimamizi, akapita kona,
nikaona anafanya nini
nikachelewa kwa hatua mbili,
au nilipenda kuchelewa.
Akaikuta swichi.
Akazima.

Mtu mmoja akapiga makofi, kisha wote.
Walidhani ndiyo sanaa yenyewe.
Zeyana hakuwarekebisha; nilimsikia pembeni
akivuta kamasi taratibu.
Kioo kikapoa, tik, tik,
bangili zikarudi upande wangu,
mkono ukatafuta mkono.

"Twende," mama akasema.
"Kesho mwenyewe atafungua."